Blanketi la Hatua ya Tisa

"Lifute," Mama Pacha alisema mara ya nne, mkono kiunoni. "Kalamu si unayo? Lifute blanketi langu kwenye hiyo karatasi."

"Karatasi anayo mkaguzi," mumewe akajibu, akiendelea kukoroga chai ambayo hakuitia sukari.

Mumewe huyo, fundi wa kuchomelea vyuma, karakana nzima humwita Polepole. Mkono wake ni mwepesi hata wanasema aliwahi kumuunga nzi aliyevunjika mguu, na nzi akaruka kwenda kuwaita wenzake. Lakini mashine ya kuponda kokoto kule machimboni ilipopata ufa, tena penye chuma kinene kama shingo ya fahali, wenyewe hawakutaka hadithi za nzi. Mkaguzi alimwambia aunge kwanza kipande cha mfano, chuma kile kile, unene ule ule, na aandike kila hatua. Kipande kitakatwa vijiti na kukunjwa. Visipopasuka, mashine itaungwa vivyo hivyo kama ilivyoandikwa, bila kuongeza wala kupunguza. Amepewa nafasi tatu. Cha tatu kikipasuka, kazi inakwenda kwa mwingine, naye arudi kwenye mageti na madirisha.

Cha kwanza alikiunga kikiwa baridi. Asubuhi yake kikalia "ta", paka akahama mtaa. Cha pili alikipasha moto vizuri, akapanga tabaka nyembamba nyembamba, kisha akakiacha kipoe kwenye upepo. Hicho hakikupiga kelele. Kilichanika kimyakimya, ufa kama unywele. Hapo ndipo Polepole alipoelewa kwamba chuma kinene kikipoa nje wakati ndani bado kinawaka, kinavutana chenyewe kwa chenyewe mpaka kiachane.

Basi cha tatu alikizika ndani ya pipa la jivu, akafunika bati. Alipoweka kiganja juu yake akasikia joto bado linatoroka. Akaingia chumbani, akatoka na blanketi la sufu ambalo mkewe alipewa na mama yake siku ya harusi. Lilikaa juu ya pipa mchana na usiku kucha. Likaungua pembe moja, tundu la ukubwa wa sahani.

Angeweza kunyamaza. Ila mkono ule unaounga nzi haujui kuandika uongo, nao uliandika: Hatua ya tisa, blanketi la sufu, moja, la mke. Mkaguzi akaja akachukua kipande pamoja na karatasi.

"Kikipasuka, nimepoteza blanketi bure," Mama Pacha alisema. "Kisipopasuka, linahamia machimboni. Sasa mimi niko upande gani, Baba Pacha?"

Polepole alimweleza kwamba atamwomba mkaguzi akubali blanketi jingine. Mkewe akamkumbusha kuwa mkaguzi huyo huyo aliwahi kukataa kazi ya wiki nzima kwa sababu fundi alibadilisha aina ya vijiti vya kuchomelea.  Polepole akatazama viganja vyake, vilivyojaa alama za cheche za miaka thelathini.

"Mageti nayaweza," akasema taratibu. "Ila kila nikichomelea geti nitakuwa nasikia ile 'ta'."

 Mama Pacha alichukua kikombe cha mumewe, akatia sukari vijiko viwili, akakoroga, akamrudishia. Kisha akaingia chumbani, akarudi na blanketi limekunjwa, tundu likiwa ndani, akaliweka kitini na kulikalia.

"Basi kisipasuke," akasema. "Lakini blanketi hili nalikalia. Na anayelitaka, mimi na yeye..."

Mlango ukagongwa na kufunguka kwa pamoja. Mkaguzi aliingia na vumbi la machimboni kwenye viatu, akaweka mezani kijiti cha chuma kilichokunjwa kama kiatu cha farasi. Polepole alipitisha kidole juu ya mgongo wa kijiti, mara moja, mara mbili. Ulikuwa laini kama shavu, bila ufa.

Mkaguzi akafunua karatasi, akahesabu kwa kidole mpaka kwenye mstari wa tisa, halafu akamtazama mama mwenye nyumba pale alipokaa.

"Shemeji," akasema kwa heshima, "samahani, naomba usimame kidogo."