Kitenge Kwenye Nguzo ya Umbilo

Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka 2012, nilifukuzwa kabla sijakaa. Daktari, mkuu wetu wa utafiti, Mkenya mrefu anayevaa tai hata kwenye joto la Februari, alimwangalia mwanangu niliyembeba mgongoni kwa kitenge, akasema, "Mama Neema, hii ni kazi ya ngazi na vumbi. Mtoto apelekwe nyumbani."

"Nyumbani wapi? Nyumbani kwake ni huu mgongo."

Nilikuwa nimetoka Isipingo, kusini mwa Durban, kwa taksi mbili, nina hasira, nina njaa, na sirudi. Akanipa brashi ya waya. Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye utafiti.

Nimestaafu kazi hiyo nikiwa bado kijana, mnicheke tu, lakini nyinyi mnaoanza leo na simu zenu hamjui ilivyofanywa. Tulikuwa tunamtafuta mhandisi mmoja Mwingereza wa enzi za Malkia Viktoria, mjenzi wa madaraja ya chuma na minara ya taa za kuongozea meli. Yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga Durban! Alichora kwao, kiwanda chake kikasubu chuma, yaani kukiyeyusha na kukimimina kwenye kalibu, kisha vipande vikaja kwa meli, kila kimoja na namba yake, vikafungwa huku kwa bolti kama kitanda cha dukani. Kalibu iliacha alama kwenye nguzo. Alama ya kiwanda chake ilikuwa nanga ndani ya duara. Ukiipata nanga, umempata bwana.

Sasa, alama zimezikwa chini ya rangi juu ya rangi, na ukishaikwangua kinabaki kivimbe ambacho picha haikioni. Kwa hiyo tulichukua kopi ya mkaa: unabana karatasi nyembamba juu ya chuma, unasugua kipande cha mkaa kwa ubavu, na kilichoinuka kinatokea cheusi. Fiston, Mkongomani mwenzangu aliyekuwa akichomelea mageti kule Point, mtaa wa karibu na bandari, alishika ngazi na kunichokoza: "Maman Neema, unasugua kama sufuria ya mama mkwe!"

Tulianza bandarini, tukahamia kwenye minara ya taa ya pwani ya kusini. Kila mahali, kiwanda kingine. Ndipo tukasikia habari za kidaraja cha miguu nyuma ya yadi moja huko Umbilo, mtaa wa hapo hapo Durban, juu ya kijito. Mwenye yadi alishakiuza kama chuma chakavu. Daktari akamwomba, akabembeleza, hadi yule bwana akasema: nionyesheni Ijumaa kwamba ni cha huyo mtu wenu, la sivyo Jumamosi wakataji wanaingia na gesi.

Ijumaa ikaja na upepo. Nilikwangua mpaka kivimbe kikaonekana, lakini nguzo ni ya duara, na unyevu ule wa Durban ulikataa utepe wa gundi. Karatasi ya kwanza ikapasuka. Ya pili ikaruka kijitoni. Fiston akabana kwa mikono, nikawa nasugua vidole vyake.

"Imebaki moja," Daktari akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa.

Neema akaanza kulia mgongoni. Nikamfungua, nikamtupia Daktari. "Mshike!"

"Mimi?"

"Kwani nguzo itamshika?"

Neema akakamata tai. Mimi nikaizungusha karatasi kwenye nguzo, nikapitisha kile kitenge cha mtoto juu na tena chini, nikavuta na kukaza fundo kama ninavyomfunga mtoto asiyetaka kulala. Upepo ukaja, karatasi haikutikisika! Nikasugua katikati. Mkunjo mmoja mweusi. Duara. Kisha kulabu mbili za nanga.

"Iko! Iko! Fiston, angalia, iko!"

Daktari alicheza dansi, mtoto mikononi, tai imevutwa upande. Mwenye yadi akaja, akainama, akatazama muda mrefu. "Eish," akasema, akatoa simu, akawaambia wakataji wasije.

Utafiti ulifungwa 2015 kwa maonyesho. Kopi yangu iliwekwa nyuma ya kioo, na mtu asiyejulikana akaandika chini yake kwamba ile mistari miwili myeupe, mmoja juu ya nanga na mmoja chini yake, ni kasoro ya karatasi. Kasoro! Nilipiga kelele ukumbi mzima ukageuka.

Ninachowaachia ni hiki tu: msikubali kazi ya mikono yenu iandikwe kasoro. Yale ni mapito ya kitenge, mkaa haukufika hapo, na daraja lile linavukwa hadi leo.

Daktari alisoma yale maandishi, akakunja uso. Akasogea katikati ya wageni, akasimama wima, mikono ubavuni kama nguzo, tai yake shingoni.

"Mama Neema," akasema, "waonyeshe."

Nikafungua kitenge changu kiunoni, nikamfunga.