Nilicheza mpira wa Kimarekani, nikarudi Ngamiani nimekonda, mtaa ukaanza kunipa pole

Wakuu, salaam kwenu. Mimi ni msomaji wa kimya humu kwa miaka mingi, leo nimeamua kuandika. Haya ni yangu mwenyewe na sijaongeza chumvi.

Nimezaliwa Ngamiani, Tanga. Mrefu kuliko kila mtu mtaani, na mwili mkubwa juu yake. Nikiwa sekondari nikapata scholarship ya basketball kwenda Marekani. Kule kocha wa mpira wao, ule wa kuvaa helmeti, akaniona nakula kantini. Akasema kwa mwili huu, kwenye basketball napoteza muda tu.

Ndivyo nilivyokuwa offensive lineman.

Kwa wasiojua: mnajipanga watano mbele ya quarterback, yule anayerusha mpira. Kazi yenu ni kuwazuia wanaokuja kumvunja. Mpira hamuushiki. Hamfungi. Ukifanya vizuri hakuna anayekutaja. Ukikosea, refa anatangaza namba yako kwenye spika, uwanja mzima unasikia.

Nikamaliza chuo, timu za kulipwa zikanichukua. Sikuwa staa. Nilikuwa mtu wa akiba, kila nikizoea mji nahamishwa.

Kilichonishinda ni kula. Kule kula ni sehemu ya kazi, ukipungua uzito unasukumwa kama kiti. Kwa hiyo unakula hata huna njaa.

Mimi nimekulia kwenye sinia, mikono mingi, mtu anakusogezea kipande cha samaki. Kule nakaa na mabakuli yangu, natafuna huku naangalia ukuta. Mara nyingine nampigia Mama namweka loudspeaker, nisikie tu vyombo vyake jikoni.

"Leo umefunga?" anauliza.

"Mama, mimi sifungi. Nazuia."

"Ahaa. Golikipa."

Nikaacha iwe hivyo.

Halafu goti likaharibika. Asubuhi moja nikaitwa ofisini, wakasema niende na tablet ya timu, ile tunayosomea mbinu za mechi. Ukiambiwa hivyo jua umekwisha. Wenzangu walikuwa mazoezini. Nikapewa mfuko wa vitu vyangu, nikatolewa mlango wa nyuma. Hakuna niliyemuaga.

Daktari akaniambia mwili ule ulikuwa wa kazi, na kazi imeisha, niupunguze kabla moyo haujachoka. Wala sikuhangaika sana. Nilipoacha kula bila njaa, nyama ziliyeyuka zenyewe. Kule watu wakanipongeza.

Nikarudi Tanga. Mama akafungua mlango, akachungulia nyuma yangu kama vile kuna mtu mwingine anakuja.

"Shikamoo Mama."

Alinishika mabega, akashuka na mikono mpaka viganjani, akaanza kulia.

Basi mtaa ukaamua naumwa. Nimerudi kufia kwetu. Jirani analeta uji kwenye chupa ya chai, anauweka mlangoni, hakai. Nikifika barazani wananipisha nafasi kubwa mno. Kikombe changu cha kahawa kikawa hakishikwi na mwingine.

Wakuu, hata ningekuwa naumwa kweli, ndiyo mtu anafanyiwa hivyo?

Mjomba alikuwa amepeleka posa Pangani, kwa dada mmoja niliyekuwa naongea naye kwenye simu tangu nikiwa kule. Baada ya kuniona, kwao wakaomba muda wa kufikiri. Yeye mwenyewe akaacha kupokea simu. Mpaka leo bado wanafikiri.

Nikawa sitoki. Siku moja baada ya Alasiri Mama akaja kukaa kitandani kwangu.

"Mwanangu, niambie kweli. Unaumwa nini?"

"Siumwi, Mama."

"Sasa ule mwili umekwenda wapi?"

Nikafungua laptop, nikamwekea mechi moja niliyopangwa tangu mwanzo. Nikamwonyesha mimi ni yupi. Nilidhani atachoka mapema, lakini aliangalia mpaka mwisho. Mpira hakuufuata hata kidogo, ananifuata mimi. Kila nikigongwa anavuta pumzi.

"Huyu wa kushoto kwako, mbona kabla hamjainama anakugusa mkono?"

"Anaitwa Marcus. Kelele zinakuwa nyingi, hatusikiani. Ananigusa nijue yupo."

"Yuko wapi sasa?"

"Sijui. Siku ile hawakunipa nafasi ya kumuaga."

"Na leo anayekugusa ujue yupo ni nani?"

Nikamtumia Marcus voice note kwa namba yake ya zamani. Akajibu na picha yake. Naye kaachwa na timu, naye kakonda, shati linamning'inia. Anasema kanisani kwao wanamuombea kila Jumapili, ameshindwa kuwaeleza, basi anaitikia amina tu. Nilicheka mpaka Mama akaja kuangalia kuna nini, na katikati ya kile kicheko nikajikuta nalia.

Sasa mimi na Marcus tunaongea. Barazani bado wananipisha vilevile.

Nilichojifunza: waeleze wa kwenu kazi yako ukiwa bado unaifanya. Ukisubiri kurudi, utakuta wameshajieleza wenyewe. Na yule uliyekaa naye ubavuni kazini, mtafute, hata kama mliachanishwa vibaya.

Kama kuna mwingine humu aliyerudi nyumbani akapokelewa kama mgonjwa, aandike hapa chini. Hata wa kunipinga karibu. Mama kaenda Muheza kwa dada yake, nyumba imenyamaza, kila mtakachoandika nitakisoma.