Shangazi na Wale Wanawake Wanne

Kile kichekesho cha wanawake wanne wa Dar es Salaam wanaotafuta waume tulikiona kwanza kwa vipande. Televisheni nyumbani ilikuwa moja, na rimoti ilikuwa ya baba. Mwanamke amekwishakaa mkahawani, anamngoja bwana waliyejuana naye kwenye simu, mara baba anahamia taarifa ya habari. Mie hubaki nimevimba mashavu. Wiki nzima sijui yule bwana alikuja au hakuja. Kwa hiyo niliposikia kimetoka chote kwenye sidii, kisanduku kizima, nilikwenda mjini Chake asubuhi ile ile, nikarudi kwetu Wesha nimekibana kwapani.

Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa akikaa kwetu tangu talaka yake ya pili. Alikuwa mshonaji kofia, na watu walizitafuta kofia zake kwa usafi wa viua vyake, vile vitundu vya urembo. Alipoiona picha ya juu ya kisanduku, wanawake wanne wamekumbatiana wanacheka, alisonya.

"Hawana haya hawa. Mwanamke yuwatafuta mume kama yuwatafuta kuku!"

Lakini alasiri, baba alipotoka kwenda barazani kwa wenzake, shangazi alikuja na kofia yake akakaa mkekani karibu yangu, ati huku kuna mwanga mzuri wa kushonea. Sikusema kitu. Ningesema, angeondoka.

Raha ya sidii ni kwamba ukiiambia simama, inasimama. Ikiadhiniwa tunaizima, tunaswali, tunarudi tunawakuta wanawake wetu pale pale tulipowaacha. Nami nilivipenda vichekesho vile, navipenda hadi leo, kwa sababu aliyeviandika hakuwacheka wale wanawake. Aliwacheka wanaume wanaokuja na manukato ya kuazima, na mama zao, na majirani wanaohesabu umri wa watu. Wanawake wenyewe aliwapa akili na ulimi.

Kwenye sidii ya pili mmoja wao, mnene, mwenye sauti nzito, alimuuliza mchumba wake maswali kabla chai haijafika mezani. Mke wako wa kwanza aliondokaje? Mama yako akinisema, wewe utasema nini? Ukikasirika, huwaje? Bwana yule alipaliwa na sambusa. Nilicheka mpaka nikalala mkekani. Shangazi hakucheka.

"Rudisha," akaniambia.

Nikarudisha. Akaangalia, sindano iko hewani.

"Rudisha tena."

Tukairudia mara nne. Mara ya nne alijichoma kidole.

Siku chache baadaye alikuja mshenga kutoka Tumbe. Alitumwa na mfanyabiashara wa samaki, mtu mzima aliyeachana na mkewe, na posa ilikuwa ya shangazi. Hapo ndipo nilipoingiwa na wasiwasi, maana nilijua mambo ya kwetu. Mwari akiposwa huulizwa, na akinyamaza, kimya chake ndiyo idhini yake. Aliyekwisha kuolewa lazima aseme kwa mdomo wake. Hata mtoto anayesoma Kurani chuoni analijua hilo. Baba naye alilijua. Lakini shangazi alipoposwa mara ya pili, baba alimuuliza kama vile bado ni mwari, shangazi akainamia kofia, baba akasema alhamdulillahi, pilau ikapikwa. Mume yule akahamia Mombasa bila kuaga, na talaka ikaja kwa barua. Sasa baba alikuwa kaka yule yule, na shangazi ana haya zile zile.

Baba alimwita shangazi, mshenga yupo sebuleni. Shangazi akaja mpaka nyuma ya pazia la mlango, nami niko ubavuni kwake.

"Umesikia habari iliyoletwa. Unasemaje?"

Shangazi kimya. Nilimwona anaangalia vidole vya miguu yake. Nilitaka kumfinya.

"Basi," baba akasema, "alhamdu..."

"Kaka, sijasema."

Baba akakatika katikati ya neno. Mshenga akaweka kikombe chini.

"Mie si mwari," shangazi akasema. "Mwari ndo hunyamaa. Mwambieni aje mwenyewe, weye kaka ukae papo hapo. Nna suali."

Nilijivunia mno siku ile, hata nikasahau kwamba chai ya mgeni ilikuwa kazi yangu.

Ijumaa, baada ya swala, bwana akaja. Alikuwa mtu wa maneno machache, kanzu yake imepigwa pasi vizuri. Baba aliketi baina yao hajui aweke wapi mikono. Shangazi alitoka mbele ya pazia, akamwamkia, akakaa, akauliza:

"Ukikasirika, huwaje?"

Bwana akafikiri. Alifikiri muda mrefu, mpaka nikaanza kumchukia.

"Hunyamaa," akasema mwisho. "Siku mbili, tatu. Yule wa mwanzo alinambia kimya changu kilimchosha. Mie nlimwona mkorofi. Sasa naona alikuwa na haki."

"Na mie ukininyamalia?"

"Nambie wazi, kama ulivyoniuliza leo."

Shangazi hakujibu siku ile. Aliomba wiki moja, na wiki ile hakutaka sidii wala mazungumzo. Alishona tu, na jioni akikaa peke yake uani. Ijumaa ya pili alimfuata baba mwenyewe, hakungoja kuitwa. Nilikuwa napeta mchele, nikasikia kila neno.

"Kaka, nimekubali. Namtaka."

Baba, ambaye sijapata kumwona analia hata kwenye maziko ya babu, alifuta macho kwa kofia yake, kofia aliyoshonewa na shangazi.

"Miaka yote hii sijakusikia ukisema wataka kitu," akasema. "Zile ndoa mbili sikukungoja ukajibu. Nisamehe, dada yangu."

"Nimekusamehe," shangazi akasema. Akamshika mkono. "Lakini ungeningoja, kaka, ningekataa zote mbili."