Uji wa Mwani

Mdogo wangu aliletwa kwangu Magomeni mwezi wa saba, wakati wa kupuliza dawa mikorosho, msimu ambao mwanaume wa kijijini Mpapura haachi shamba hivihivi. Shemeji alimfikisha mlangoni, akaweka begi chini, akasema, "Dada, damu haipandi. Vidonge vya zahanati amemeza miezi mitatu sasa. Nnamwacha kwako." Akarudi siku hiyohiyo. Nilimlaumu kimoyomoyo, ingawa kusema kweli nilifurahi. Nilikuwa nimeshajiambia zamani kwamba kule hawajui kumlisha mgonjwa.

Huyu nilimlea mimi. Mama yetu alifariki yeye akiwa hata kutembea hajui vizuri, nami nilikuwa nimemaliza darasa la saba. Nilimwogesha, nikampeleka shule, nikamchapa alipotoroka madrasa, na siku ya ndoa yake mimi ndiye niliyeamua avae gauni gani. Watu wa mtaani kwangu husema nina mdomo. Si uongo. Lakini mdomo huo ndio uliomvusha yule mtoto mpaka akawa mtu mzima mwenye nyumba yake.

Nilipomfunua kope la chini, ndani palikuwa peupe. Viganja navyo vilikuwa vyeupe kama muhogo uliomenywa. Alikuwa amekonda mpaka kanga inamzunguka mara mbili na kubaki. Nilimuuliza kama anakula. Akasema anakula sana, na ni kweli, siku ile alikula ugali wa watu wawili, akaomba na kisamvu kilichobaki. Nikafurahi tena. Mgonjwa anayekula, nilidhani, amepona nusu.

Mimi ni mkulima wa mwani. Kikundi chetu cha kina mama kina kamba zake upande wa Mikindani, na kila bamvua maji yakikauka tunaingia kufunga na kuvuna. Tulishawahi kupewa semina ya kutengeneza sabuni, juisi na unga wa mwani. Mkufunzi alituambia mwani una madini mengi. Hilo alilisema. Kwamba mwani unaongeza damu, hilo hakulisema, tuliliongeza wenyewe baadaye, na sijui lilitoka mdomoni mwa nani kwanza. Pengine mwangu. Ninachojua ni kwamba maneno hayo niliyaandika kwa mkono wangu kwenye kila pakiti ya unga tuliyofunga, na wanawake wajawazito wa Likombe mpaka Magomeni walinunua kwa sababu ya maneno hayo.

Basi nilianza dawa yangu. Uji wa mwani asubuhi, uji wa mwani alasiri, na juisi ya rosela katikati. Wateja tulikuwa tunawaambia kijiko kimoja cha unga kinatosha. Kwa mdogo wangu nilitia vitatu. Nilisimama mlangoni mpaka aoneshe bakuli tupu, kama nilivyofanya alipokuwa na miaka sita. Alikunywa yote, akasema, "Ahsante, dada," kila mara.

Wiki ya kwanza sikuona kitu. Ya pili mikono yake ilianza kutetemeka, nikasema ni udhaifu wa damu. Ilikuwa miezi ya baridi, kusi inavuma na sisi wengine tunajifunika, lakini yeye alikuwa akilala chini kwenye saruji tupu na bado mgongo unamtoka jasho. Macho yake yalikuwa yamejitokeza. Ukimsemesha, anakutazama bila kupepesa, mpaka wewe ndiye unayeangalia pembeni. Na chini ya koo, pale mifupa miwili ya kifua inapokutana, ngozi ilikuwa inaruka. Nilikaa naye barazani asubuhi moja nikichambua mchele, nikajikuta nimeacha mchele nahesabu ile mirukoruko. Nilishindwa kuifuata. Ilikuwa inakimbia kuliko hesabu yangu.

Niliogopa. Ninaandika hivyo leo kwa sababu siku zile sikumwambia mtu. Niliamka na hofu, nikalala nayo, na kila hofu ilipozidi niliongeza unga.

Jirani alininong'oneza kwamba mgonjwa anayekula hivyo na kukonda hivyo ana jambo, tena akanitajia ugonjwa ambao tulikwisha kumpima mapema na hana. Nilimjibu jibu baya. Mwalimu wa madrasa aliandika kombe, mdogo wangu akanywa, akatulia siku moja. Siku ya pili alimlilia mumewe kwenye simu bila sababu, kisha akacheka, kisha akanyamaza kutwa nzima. Nyumba ilikuwa nzito. Watoto wangu waliacha kucheza sebuleni bila kuambiwa.

Siku aliyoanguka ilikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi. Alikuwa anatoka bafuni na ndoo. Nilisikia ndoo kwanza. Nilimkuta ameegemea ukuta, midomo imepauka, mkono umeshika kifua, na alichoniambia ni, "Dada, unakimbia, haunisubiri." Nilielewa anasema moyo.

Hospitalini, daktari alikuwa kijana mpole, wa umri wa mwanangu wa kwanza. Alimwambia anyooshe mikono mbele, akaweka karatasi tupu juu ya vidole. Karatasi ilicheza kama kuna upepo. Akamwambia ameze maji huku anamtazama shingo, na hapo ndipo nami nilipoona uvimbe mdogo ukipanda na kushuka. Wiki zote hizo nilikuwa nimedhani shingo imenenepa kwa macho tu, kwa kuwa mwili umekonda. Daktari alitoa damu, nyingine ikapimwa palepale, nyingine ikasafirishwa. Tulisubiri majibu siku kadhaa, amelazwa, kitanda cha karibu na mlango. Kitanda jirani kilikuwa na bibi mmoja siku tulipofika. Siku ya tatu kilikuwa kimetandikwa upya.

Majibu yalipokuja, daktari aliniita pembeni, akanieleza taratibu. Tezi ya shingoni ndiyo inayoupangia mwili mwendo. Ya mdogo wangu ilikuwa imevuka mpaka, inaendesha kila kitu mbio, moyo, tumbo, joto, hata mifupa inayotengeneza damu. Damu inayotengenezwa kwa pupa haikamiliki, na chuma anachomeza mwili haukitumii inavyopaswa.

"Ndiyo maana vidonge vya damu havikusaidia," alisema. "Tezi isipotulizwa, mama, kumwongezea damu ni kuteka maji kwa pakacha. Na moyo ndio unaolipa. Damu kidogo, halafu unalazimishwa kukimbia. Moyo wake umechoka sana."

"Utasimama?"

"Tunajitahidi usisimame."

Kisha akauliza anakula nini. Nilimwambia kwa sauti ya mtu anayetegemea kusifiwa. Uji wa mwani, mara mbili kwa siku, vijiko vitatu. Aliacha kuandika.

"Mwani una madini joto," alisema. "Yale yanayotiwa kwenye chumvi. Kwa mtu mwingine ni chakula. Kwa tezi kama hii, yanaweza kuwa kuni."

"Kwa hiyo ni mimi?"

Daktari hakunificha kitu, na hilo ninamshukuru. Alisema ugonjwa ulikuwepo kabla ya uji wangu, sikuuleta mimi. Alisema inawezekana kabisa uji umeuchochea. Alisema pakiti nilizobakiza nizitupe, au niwape watu wazima wenye afya, na nisimwambie tena mtu yeyote kwamba mwani unaongeza damu. Nilirudi nyumbani nikakwangua maandishi kwenye pakiti kwa kisu, moja baada ya moja. Zilizokwisha kuuzwa sikujua nitazikwangulia wapi. Mpaka leo nikipishana sokoni na mjamzito mwenye shingo iliyojaa, natamani kumshika mkono nimuulize anakunywa nini asubuhi.

Mdogo wangu alitibiwa. Vidonge vya tezi, vya moyo, na baadaye vya damu, ambavyo safari hii vilifanya kazi. Mashavu yalirudi. Macho yalirudi kiasi. Moyo haukurudi sawa. Unaruka pigo, unasubiri, kisha unapiga mawili kwa mpigo, na daktari amesema huenda ukabaki hivyo, na kwamba kazi nzito aiache. Mwenye mikorosho Mpapura huwezi kumwambia aache kazi nzito. Unaweza tu kumtazama.

Nilikwenda kumtembelea msimu wa kuokota korosho. Tulikaa uani kwake tunachambua, nzuri huku, mbovu kule. Shemeji alikuwa shamba. Nilikuwa nimebeba yale maneno ya daktari tangu hospitali, sikuwa nimemwambia mtu. Nikamwambia yote, uji, madini joto, vijiko vitatu. Nililia. Nilimwambia ningekuwa najua, nisingemnywesha hata tone.

Aliendelea kuchambua.

"Nnajua, dada," alisema. "Toka wiki ya pili. Nkimaliza bakuli, baada ya muda moyo unaanza. Siku uliyokwenda bamvua ukarudi jioni, sikunywa, nkapumua vizuri kutwa."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nlikwambia."

"Lini?"

"Mara moja. Nlisema uji huu haunifai. Ukanitazama." Alitupa korosho mbovu kwenye lundo lake. "Nkaona bora ninywe. Ugonjwa nlikuwa nauogopa, lakini wewe nnakuogopa toka utotoni."

Hakusema kwa kunilaumu. Alisema kama mtu anayetaja jina la kijiji chake. Nimeitafuta siku hiyo kichwani, siku aliyoniambia na nikamtazama, nimepitia asubuhi zote na alasiri zote za mwezi ule. Siikumbuki.