Funda la Kwanza

Yule mpika pombe wa mtaani kwetu Gatsata hampi mtu kibuyu kabla hajaonja mwenyewe. Ndiyo desturi, ila yeye huifanyia mbwembwe: anafuta mrija kwa kidole gumba, anafumba macho, anavuta funda, kisha anatangaza, "Iko safi. Kwangu hakuna sumu." Wateja wanacheka, wanainama kunywa. Mikono hiyohiyo ndiyo kila asubuhi inakung'uta machicha ya mtama kwenye mtaro unaoteremka hadi chemchemi tunakochota maji. Mwaka huu wa 1992 chemchemi yetu inatoa povu na kunuka kama matapishi, na watoto wanaharisha. Ukimwambia achimbe shimo, au awape machicha wenye nguruwe, anakupigapiga begani: "Mvua itasafisha, jirani."

Siku ya Jumapili jirani yetu Mukunde, ambaye mtoto wake bado amelala hoi, aliingia kilabuni na jagi la maji ya chemchemi, akalitua mbele ya mpika pombe.

"Mzee, haya yametoka kwako. Onja kwanza, ndipo nikampe mtoto."

Mikono ikafuata mazoea. Kidole gumba kikafuta ukingo wa jagi, macho yakafumbwa, jagi likapanda hadi mdomoni. Hapo pua ikakunjamana. Mzee akatoka nalo nje bila kuonja, akayamwaga maji mtaroni, palepale anapomwaga machicha, yakateremka kurudi kwetu. Akamrudishia Mukunde jagi tupu bila kumtazama, akachukua kibuyu, akafuta mrija, akavuta funda.

"Iko safi," akasema.

Na wateja, haki ya Mungu, wakainama wakanywa.