Nyaboke Aliyekwenda Kupimwa na Meza Yake

Nyaboke wa Kenyenya hawezi kuona kitu akakiacha bila kukiulizia. Mimi nauza ndizi kando ya cherehani yake, na kwa miaka tisa amenihoji mpaka ndoto zangu. Polio ilimlemaza miguu utotoni. Hutembea kwa magongo, na cherehani huizungusha kwa mkono.

Dada yake alipofariki kwa saratani ya mlango wa kizazi, Nyaboke alitaka kujua jambo moja tu: na yeye anayo? Akaenda zahanati. Nesi akayatazama magongo, akauliza, "Kwani wewe uko na bwana?"

"Niko na bwana na watoto watatu. Ulifikiri niliwashona?"

Lakini kitanda cha kupimia kilimfika kifuani. Akaambiwa arudi na watu wa kumbeba. Mimi niliposikia nilitukana. Yeye alikuwa ametoa tepu yake ya ushonaji: "Sista, hebu nipime hii kitanda yako." Inchi thelathini na sita. Peke yake hupanda inchi ishirini, basi, na hakutaka wanaume wambebe akavuliwe nguo.

Mwaka ukapita, sare za shule zikimsubiri azishone. Hofu haikumtoka. Siku nyingine alisimamisha cherehani ghafla, akatazama barabarani bila kuona mtu.

Jumatatu moja akasema, "Ruth, meza yangu ya kukatia vitambaa ni inchi kumi na nane."

Nilicheka hadi machozi. Tuliifunga kwenye boda boda, sisi tukafuata kwa nyingine.

"Mama, umeleta nini?" nesi yule yule akashangaa.

"Kitanda."

Alipanda mwenyewe, mimi nikamshika mkono. Nesi akapiga magoti na tochi na pamba iliyoloa maji, na maswali yakaanza.

"Hiyo maji ni ya nini?"

"Ni kama siki. Pahali penye shida panageuka peupe."

"Na sasa unaona nini?"

Nesi akasogeza tochi karibu. "Naona doa nyeupe. Bado si saratani, na tutaichoma kwa joto leo leo."

"Imekaa humo muda gani?"

"Siwezi jua. Pengine miaka."

Nyaboke akatazama dari. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuwa na swali. Nilikuwa nalo mimi, tena kwa hasira: mwaka jana, alipokuja hapa mkamrudisha, hiyo doa ilikuwepo?

Nesi akashusha tochi.

"Sijui," akasema. "Sikumwangalia."