Raketi nane za Ulaya, mkono mmoja wa Werribee

Kulabu tupu ndizo anazoziona kwanza.

Jua ndiyo kwanza linachungulia ng'ambo ya mto Yarra. Naw Hser Wah anaingia katika chumba cha mafundi, chini ya majukwaa ya uwanja wa tenisi wa Melbourne, na kabla hajavua koti anautazama ukuta. Juma lililopita raketi zilining'inia pale kama popo, huna pa kupenyeza kidole. Leo ukuta uko wazi. Wamarekani wameondoka. Waajentina na Wajapani wameondoka. Hata wa nyumbani, Waaustralia, wameaga, na mashabiki wao wamezikunja bendera hadi Januari ijayo.

Zimebaki kulabu nane zenye raketi, za wachezaji nane wa robo fainali. Vibendera vilivyobandikwa juu yake ni vya Ulaya, vyote.

"Umeona mambo?" anasema Darryl, fundi kutoka Ballarat. Mchezaji wake alikuwa Mwaustralia wa mwisho kutolewa, naye amekuja kuchukua vifaa vyake. "Nilidhani tumeandaa mashindano ya dunia. Kumbe tumeandaa harusi ya watu, sisi wapishi."

"Mpishi naye hula," anajibu Hser Wah kwa sauti ndogo.

"Unakula wewe. Mimi nimeshafukuzwa jikoni."

Hser Wah anacheka huku ameinamisha kichwa, kama anavyofanya kila anapocheka. Kisha anaiteremsha raketi ya Arvis Kalnins, kijana wa Latvia ambaye hadi majuzi hakuna aliyemjua, anaibana kwenye mashine na kuanza kuiwamba nyuzi mpya.

Nyuzi za wima hutangulia. Baada yake huja za mlalo, na hizo ndizo zenye kazi: kila mmoja upite juu ya uzi wa wima, kisha chini ya unaofuata, mpaka mwisho bila kuruka. Mashine huvuta tu. Kupitisha ni kwa vidole. Vidole vya Hser Wah vina sugu ngumu pembeni, na vinakwenda bila yeye kuvitazama.

Alijifunza kusuka kabla ya kujifunza kusoma. Alizaliwa katika kambi ya wakimbizi wa kabila la Wakaren, mpakani mwa Thailand na Burma, akaacha shule darasa la pili ili awatunze wadogo zake. Mama yake alikuwa akifunga kitanda cha mfumi, mtambo wa kufumia nguo, kiunoni na kwenye nguzo ya mianzi, mtoto akikaa pembeni kumpa nyuzi. "Mama hakunifundisha kwa maneno," anasema. "Nikikosea, aliufumua mstari wangu, akanitazama, basi."

Werribee, magharibi ya Melbourne, alifika akiwa binti wa miaka kumi na tisa. Wakaren wako wengi pale. Kila ua una bamia, maboga na rozela, mmea wa majani machachu, na Jumapili kanisa linajaa. Alipata kazi ya kufagia katika klabu ya tenisi ya mtaa. Mlango wa pili kulikuwa na kibanda cha Mzee Lefteris, Mgiriki aliyetengeneza viatu wakati wa baridi na kuwamba raketi wakati wa joto.

"Alikuja na fagio, akasimama mlangoni," anakumbuka mzee huyo, mwenye sharubu nyeupe na mikono mipana. "Hasemi. Kesho yake tena, hasemi. Siku ya tatu nikamwambia, binti, ama uingie, ama ulipe kodi ya mlango."

Akaingia. Hser Wah akaanza kumwita Pati, ndivyo Wakaren wanavyomwita mjomba. Miaka ikapita, na mwaka huu mzee akamtia kwenye kikosi cha mafundi wa mashindano makubwa, kwa majaribio.

Chumba cha mafundi kina desturi moja ambayo kila mtu huiheshimu. Mchezaji hubaki na mkono mmoja. Fundi aliyewamba raketi yake ya kwanza ndiye atakayeziwamba zote mpaka mwisho, kwa sababu mikono miwili haivuti sawa hata mashine ikiwa moja. Mchezaji akishindwa, fundi naye hufunga sanduku lake na kwenda nyumbani. Ila mchezaji akifika robo fainali, ana ruhusa ya kuomba mkono wa fundi mkongwe ambaye hana mtu, yaani ambaye mchezaji wake ametolewa. Wengi huomba.

Mafundi wapya hupewa wachezaji wasiojulikana. Ndivyo Hser Wah alivyompata Arvis, aliyeingia kupitia mchujo, bila mdhamini wa maana, kocha wake akiwa mama yake mzazi. Hakuna aliyemtarajia kuvuka raundi ya kwanza. Akavuka. Ya pili akavuka, ya tatu pia.

Siku ya raundi ya nne upepo wa kaskazini ulitoka jangwani ukiwa kama pumzi ya tanuri. Katika joto mpira huwa mwepesi na huruka mbali, kwa hiyo wachezaji hutaka nyuzi zikazwe. Mama Ilze, kocha na mama wa Arvis, alileta raketi tatu asubuhi. "Zote zikazwe kilo ishirini na tano," akasema. "Zote tatu. Sawa, binti?"

"Sawa, mama."

Lakini Melbourne ina kitu kinaitwa mgeuko. Joto likizidi, upepo hugeuka ghafla ukaja wa kusini, kutoka baharini, na mtu aliyekuwa akijipepea huanza kutafuta sweta. Mpira nao huwa mzito, na raketi iliyokazwa huwa kama ubao. Redio ilikuwa imesema mgeuko utaingia baada ya chakula cha mchana. Mji mzima ukakaa kuungoja, kama unavyoungoja kila mwaka. Darryl alikuwa amejifunga sweta kiunoni tangu asubuhi.

"Unaonekana kama mgonjwa wa homa," Mzee Lefteris akamwambia.

"Utaniomba hili sweta baadaye, mzee."

"Nitakuomba uninunulie bia baridi."

Hser Wah aliziwamba raketi mbili kama alivyoagizwa. Alipofika ya tatu akawaza: mchezo wao ni wa alasiri, mgeuko utawakuta uwanjani, naye mama wa watu anatoka Latvia, atajuaje. Akailegeza kilo moja. Aliitia mfukoni pamoja na nyingine, hakumwambia mtu.

Mgeuko haukuja.

Alasiri upepo ulikuwa bado ule ule wa tanuri. Kwenye runinga ya chumbani, Arvis alikuwa ameshinda seti mbili na kupoteza moja, mpinzani wake Mchile akizidi kupamba moto. Yule Mchile alikuwa wa mwisho asiye wa Ulaya. Akishinda Arvis, nane zote zingekuwa za Ulaya, na ndiyo maana kila mtu chumbani alikuwa amesimama. Mwanzo wa seti ya nne Arvis akakata uzi, akachukua raketi nyingine. Hser Wah akaona utepe wa njano mpinini. Ilikuwa ile ya tatu.

Mpira wa kwanza ukaenda nje. Wa pili nje. Arvis akaitazama raketi yake kama mtu anayemtazama rafiki aliyemdanganya.

Hser Wah akamgeukia mzee wake. "Pati, ile nimeilegeza mimi. Sikuambiwa."

Mzee Lefteris hakupandisha sauti. "Kwa nini?"

"Nilidhani mgeuko utaingia."

"Mimi nikitaka habari za hali ya hewa, nafungua redio. Nikitaka raketi, namwita fundi. Fundi hawazi kwa kichwa cha mchezaji, binti. Hata akiwaza vizuri."

Seti ya nne ikapotea. Mhudumu wa uwanjani akashuka ngazi mbio akiwa na ile raketi na ujumbe: ikazwe, upesi. Hser Wah aliipokea. Alidhani mzee ataichukua, naye angeipokea aibu hiyo kwa kichwa kilichoinama. Mzee hakuichukua. Alishika mkasi, akazikata nyuzi za zamani, akaanza kumfungulia uzi mpya kutoka kwenye rola ili usijisokote.

"Haya, suka," akamwambia. "Kama kwa mama yako."

Raketi ikapanda ngazi ikiwa bado na joto la mikono yake. Arvis akashinda seti ya tano kwa kujikongoja. Chumba kikalipuka, Darryl akalitupa sweta lake juu. Ulaya imekamilisha nane, akasema mtu, na wengine wakazomea kwa utani.

Hser Wah hakushangilia. Alikaa kwenye kiti chake, akangoja.

Mama Ilze alishuka mwenyewe, jasho likimtoka, akiwa na raketi zote tatu. "Moja ilikuwa tofauti," akasema. "Mwanangu anazijua raketi zake gizani. Nani?"

"Ni mimi, mama," akasema Hser Wah, akasimama. "Niliilegeza kilo moja. Nilidhani upepo utageuka. Nilikosea, nisamehe."

Mama yule akaitikia kwa kichwa. "Umesema mwenyewe, vizuri. Wengine wangeisingizia mashine." Kisha akamgeukia Lefteris. "Lakini robo fainali naomba mkono wa huyu mzee. Nasikia hakuna kama wewe. Una mtu?"

Chumba kizima kilijua jibu. Mchezaji wa Lefteris, Mgiriki mwenzake, alikuwa ametolewa na Mwitaliano asubuhi ile ile. Sanduku la mzee lilikuwa tayari limefungwa, liko mlangoni. Na kila mtu alijua jambo jingine: huu ulikuwa mwaka wake wa mwisho, viganja vyake vimeanza kufa ganzi, na katika miaka yote aliyofanya kazi pale hakuwahi kuwamba raketi ya mchezaji wa robo fainali. Wagiriki wake walikuwa wakitoka mapema kila mara, na yeye hakuwahi kukubali kuchukua mchezaji wa fundi mwingine.

"Nina mtu," akasema Lefteris.

"Nani?"

"Nina mtu, mama. Mkono wangu umejaa."

Darryl akafungua kinywa.

"Darryl, chai yako inapoa," mzee akasema bila kugeuka. Darryl hakuwa na chai. Akafunga kinywa.

Mama Ilze alilitazama sanduku lile mlangoni, akamtazama mzee, akamtazama binti. Kama alielewa, hakusema. "Basi huyu huyu," akasema mwishowe, akaziweka raketi tatu mbele ya Hser Wah. "Lakini kilo ni kilo."

"Kilo ni kilo, mama."

Mzee Lefteris akachukua sanduku lake, akawaaga wote kwa mkupuo, akaenda zake kituo cha treni. Mgeuko uliingia jioni, wakati Hser Wah yuko nyumbani Werribee akifunga madirisha.

Kwao, anasema, mtu wa karibu hashukuriwi kwa maneno. Neno la asante humfanya aonekane mgeni. Shukrani hupelekwa kwa bakuli. Kwa hiyo kesho yake alipita kibandani na mchuzi wa rozela na wali. Mzee akaonja, akakunja uso kwa uchachu, akavunjia jibini yake ya Kigiriki juu yake, akamaliza bakuli. Hakuna aliyetaja habari ya uwanjani.

Leo, asubuhi ya robo fainali, raketi za Arvis ziko kwenye kilo zile zile zilizoandikwa. Hser Wah anapima mara mbili. Anazifunga kwenye mifuko, anampa mhudumu, kisha anaketi mbele ya runinga na mikono mapajani.

Arvis anacheza seti moja nzuri kuliko zote alizocheza maishani mwake. Halafu Mhispania aliye mbele yake anaamka, na mambo yanakwisha kabla ya saa ya chakula. Ulaya imeitoa Ulaya. Kulabu moja zaidi inabaki tupu, na Hser Wah naye anaanza kufunga sanduku lake.

Kabla hajalifunga, Arvis mwenyewe anashuka, amefunga taulo shingoni, mrefu hata anainama mlangoni. "Mwakani ukiwepo," anasema, "nataka mkono huu."

"Nikiwepo," anajibu Hser Wah.

"Kama wewe hupo, nami sijui kama nitakuwepo."

Hser Wah atakuwepo, akijaliwa. Ana mpango pia wa kuweka meza ya kuwambia katika klabu ya mtaa wao, palepale alipokuwa akifagia, na wasichana wa Kikaren watatu wameshaomba kufundishwa. Wanajua kufuma, kilichobaki, anasema, ni kuwazoesha kelele za mashine. Kibanda cha Mzee Lefteris kitafungwa msimu wa baridi ukifika. Ameahidi kuja kuketi pembeni na kuwasumbua.

Kuna jambo moja ambalo Hser Wah ameomba liandikwe. Amelifikiria tangu jioni ile ya upepo, akalirudiarudia kwenye treni, akashindwa kulitamka kibandani mbele ya bakuli. Analisema sasa huku anatazama mikono yake, polepole, lisije likampotea.

"Pati, siku ile mkono wako ulikuwa mtupu, na robo fainali uliitaka. Nilijua. Ulinipa mimi. Asante."